Mgeni Aliye Chini ya Mkeka

Mwezi huu sina habari ya safari wala ya sikukuu. Nataka kusema nanyi juu ya kile tutandikacho chini. Wengine wana mkeka wa ukindu, wengine jamvi, na siku hizi huko Morogoro mjini hata kwa mtu wa mshahara mdogo utakuta zulia la manyoya limefunika sebule nzima, ukuta kwa ukuta. Mgeni akija twamwambia, "Karibu, keti." Lakini chini ya mkeka ule, au ndani ya manyoya ya zulia lile, huenda wamo wageni wengine ambao hatukuwakaribisha, nao wamekwisha kukaa siku nyingi.

Yaliyonifanya nishike kalamu ni haya. Kijana mmoja wa Mgeta, mwalimu, ambaye jina lake nalificha kwa kuwa ni mtu wa haya, alioa mke wa Matombo. Haukupita muda akapangiwa kazi upande wa Ugogo, katika kijiji kilicho mbali na barabara kuu. Siku ya kuagana, bibi mzaa mama wa yule mke akamletea mkeka aliousuka kwa mikono yake, wenye shupatu nyembamba na rangi mbili, nyekundu na nyeusi. Akamwambia, "Ulalie wewe, na watoto wako waulalie." Ninyi mnaozijua desturi za Uluguru mwajua uzito wa maneno hayo, maana kwetu ukoo hufuata mama, na kitu kitokacho mkononi mwa bibi mzaa mama si kitu cha kuchezewa.

Basi wakaenda. Nyumba waliyopewa ilikuwa ya udongo, na sakafu yake ya udongo pia, imepasuka nyufa hapa na pale kama shamba wakati wa kiangazi. Kitanda walikiacha nyumbani, wakitumaini kununua kingine mshahara utakapotoka. Wakatandika mkeka wa bibi, wakalala.

Mwezi wa pili yule mke, naye ana mimba ya miezi mitano, akashikwa na homa kali. Alitetemeka, kichwa kikamwuma, akatapika, viungo vyote vikamlegea. Wakaenda kwenye zahanati, akapimwa kwa kile kipimo cha haraka cha malaria, ikaonekana hana malaria. Siku ya nne homa ikamwacha ghafula, akatoka jasho jingi, akaamka akaomba uji. Wakashukuru. Lakini baada ya juma moja homa ikarudi vilevile. Majirani wakawacheka kwa upole, wakasema, "Ni ugeni tu, mtazoea." Homa ilipokuja mara ya tatu mimba ikatoka.

Yule mume akafunga mizigo, akauviringisha mkeka, akampandisha mkewe basi la kwenda Morogoro. Hapo mtu wa maabara akachukua tone la damu, akalipaka juu ya kioo, akalitia rangi, akalitazama kwa darubini kwa saburi. Akaona katikati ya chembe za damu vijidudu vyembamba kama nyuzi zilizosokotwa. Akasema, "Hii ni homa ya papasi. Mlikuwa mkilala wapi?"

Labda baadhi yenu, hasa vijana mliozaliwa katika nyumba za saruji, hamjamwona papasi. Ni ndugu yake kupe, lakini tabia zao si moja. Kupe hung'ang'ania ng'ombe au mbwa siku kadhaa, naye huonekana. Papasi hana ngozi ngumu mgongoni, bali ana ngozi ya mikunjo, ya rangi ya udongo, kama kipande cha ngozi ya kiatu kikuukuu. Mchana hujificha katika nyufa za sakafu na kuta, na katika vumbi lililo chini ya mikeka. Usiku watu wakilala hutoka, akamwendea mtu kwa kufuata joto lake na pumzi yake, akamnyonya damu muda wa nusu saa hivi, kisha hurudi shimoni mwake kabla hakujakucha. Mara nyingi aliyeumwa hajui kwamba ameumwa. Na jambo la kustaajabisha ni saburi yake: huweza kukaa miaka kadhaa bila chakula chochote, akimngoja mtu. Nyumba yaweza kuhamwa, ikafungwa, ikapata wapangaji wengine, naye bado yumo.

Habari za mdudu huyu si mpya. Livingstone, katika kitabu chake cha mwaka 1857, aliandika juu ya ugonjwa uletwao na kuumwa naye. Lakini kwa nini kuumwa na mdudu mdogo kulete homa, hapana aliyejua mpaka miaka ya 1904 na 1905. Huko Uganda madaktari waliona vijidudu vile katika damu ya wagonjwa, wakaonyesha kwamba papasi ndiye mchukuzi wao. Wakati huohuo mashariki ya Kongo walikuwako madaktari wawili waliotumwa kutoka Liverpool, Joseph Dutton na John Todd. Nao walivumbua jambo lilelile, lakini kwa gharama kubwa: homa iliwashika wao wenyewe, na Dutton akafa Kasongo mwezi wa Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30. Kijidudu kile leo kinaitwa kwa jina lake, Borrelia duttonii.

Mwaka uleule wa 1905 alikuwako katika nchi yetu Robert Koch, Mjerumani yule aliyevumbua kijidudu cha kifua kikuu. Alifuata njia za misafara, akawatafuta papasi katika vibanda walimolala wapagazi. Ninyi wa Morogoro mwajua kwamba mji wetu ulikuwa juu ya njia kuu ya misafara. Hapa ndipo ulipokuwa mji wa Kisabengo na binti yake Simbamwene, ambao Burton alipita karibu nao mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871. Reli kutoka Dar es Salaam ilitufikia mwaka 1907 tu. Kabla ya hapo, kila mzigo uliotoka pwani na kila pembe iliyotoka bara ilichukuliwa kichwani, na kila jioni wapagazi walijitupa chini katika vibanda vilevile walivyolala wenzao jana, juu ya mikeka yao. Asubuhi waliviringisha mikeka, wakaenda zao, na papasi wakasafiri bure. Mdudu huyu hana mabawa wala hatembei mbali. Anachukuliwa na watu.

Koch aliona mambo mawili ambayo kila mwenye nyumba inampasa kuyajua. La kwanza, alivikuta vijidudu vya homa hata ndani ya mayai ya papasi. Maana yake papasi mchanga huweza kuzaliwa nao, kabla hajamwuma mtu hata mmoja. La pili, katika vijiji vyenye papasi wengi aliwakuta wenyeji wazima, hawana homa, hali wageni wakilala humo usiku mmoja tu waliugua. Sababu yake ni kwamba wenyeji waliumwa tangu utotoni, na miili yao imejifunza kupigana. Sasa mwaona kwamba majirani wa yule mwalimu hawakusema uongo waliposema, "Ni ugeni." Ila kuzoea huku kuna bei, na bei yake hulipwa na watoto wachanga, ambao wengi hawakufikia umri wa kuzoea, na hulipwa na wanawake wenye mimba. Mwanamke mjamzito homa hii humkamata kwa nguvu kuliko mtu mwingine, nayo huua mtoto tumboni au kumtoa kabla ya wakati. Ni nyumba ngapi ambamo mama alipoteza mimba mbili na tatu, wakatafutwa wachawi, wakagombana mashemeji, na mchawi mwenyewe yumo katika ufa wa sakafu!

Mtu ataniuliza, "Mbona homa huondoka, kisha hurudi?" Yule mtu wa maabara alinieleza vema. Kijidudu kile kina vazi lake. Mwili ukisha kulijua vazi lile huvishambulia vijidudu na kuviua, homa ikashuka. Lakini wachache kati yao hubadili vazi, kama mwivi aliyevua kanzu akavaa shuka, nao hupita mbele ya walinzi bila kujulikana, huzaana, na baada ya juma moja homa i pale pale. Hivyo huweza kurudi mara nyingi. Dawa zake zipo, wala si za shida. Ni dawa za kuua bakteria zilizo katika hospitali zetu, lakini zitolewe na mganga wa hospitali, maana saa chache baada ya kumeza mara ya kwanza mgonjwa huweza kuzidiwa ghafula, akahitaji watu wa kumwangalia. Kwa hiyo nawasihi: mtu akiwa na homa ya kwenda na kurudi, na kipimo cha haraka kikisema hana malaria, msirudi nyumbani mkanyamaza. Kipimo kile kinajua kutambua malaria tu. Ombeni damu itazamwe kwa darubini, na mwambieni mganga mahali mlipolala.

Turudi kwa mkeka.

Yule mke alipona. Lakini siku waliporudi Mgeta kupumzika, ugomvi ukazuka kati yake na mumewe. Mume alitaka kuuchoma mkeka moto, akasema, "Huu umetuulia mtoto." Mke akaukalia, akasema, "Mtoto nimempoteza. Na mkeka wa bibi nao nipoteze?" Wakaja kwangu kuamuliwa, na mimi nakiri mbele yenu kwamba sikujua la kusema. Moyo wangu ulikuwa upande wa mke, lakini hofu yangu ilikuwa upande wa mume. Nikawaambia wauache mkeka nje ya nyumba, juu ya jiwe, nami nikashuka mjini kuuliza.

Daktari niliyemwuliza akacheka kidogo, akasema, "Mkeka haukuwaumiza. Sakafu ndiyo iliyowaumiza. Papasi makao yake ni ufa na vumbi. Mkeka ni paa lake tu. Lakini wachache huweza kujificha katika mishono, kwa hiyo usiingizwe nyumbani hivihivi. Maji ya moto yanayochemka huwaua." Nikapanda na habari hiyo. Bibi mzee wa Matombo alikuwa amekwisha kufika, maana habari za mimba iliyotoka zilimfikia. Aliposikia maneno ya maji ya moto aliniangalia kama mtu amwangaliavyo mtoto. Akasema, "Mwalimu, ukindu ule niliuchemsha sufuriani siku nzima kuutia rangi kabla sijausuka. Wautazamia uogope maji ya moto leo?"

Wakauchemshia maji, wakaumwagia upande huu na upande huu, hasa palipo na mishono ya shupatu, wakaupiga kwa fimbo, wakauanika juani. Siku ya pili wakafanya vilevile. Papasi mmoja alionekana, amekufa, katika pindo. Bibi akamchukua kwa kijiti akamtazama sana, hakusema neno.

Sasa msifikiri kwamba neno hili ni la Ugogo peke yake, na sisi wa milimani tu salama. Ni kweli kwamba nyumba za saruji na mabati zimempunguza papasi sana. Lakini vumbi la sakafuni lina watoto wengi.

Yuko funza, ambaye wengine humwita tekenya. Huyu si mwenyeji wa Afrika. Aliletwa Angola na meli iliyotoka Brazili mwaka 1872, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amevuka bara zima mpaka pwani yetu, katika miguu ya wapagazi na askari. Mayai yake huanguka sakafuni kutoka katika miguu ya mgonjwa, yakaanguliwa katika vumbi kavu lililo chini ya mkeka, na watoto walalao hapo ndio wa kwanza kuingiwa. Kidonda chake ni mlango wa pepopunda. Tena mwenye nyumba asitumie pini moja kuwatoa funza watoto wote kwa zamu, maana damu ya huyu itaingia katika mwili wa yule.

Wako viroboto, na juu ya hao nina neno zito zaidi. Katika milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto, ugonjwa wa tauni ulizuka mwaka 1980 na kuendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watu zaidi ya 7,000 waliugua, na mamia walikufa. Ile ni milima kama yetu, yenye baridi, yenye mahindi na maharage yawekwayo ndani ya nyumba, na watoto walalao chini karibu na magunia. Tauni ni ugonjwa wa panya. Panya akifa, viroboto wake hukosa damu ya moto, huruka kutafuta nyingine, na aliye karibu kupita wote ni yule aliyelala juu ya mkeka, sikio lake likiwa shubiri moja kutoka ardhini. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, hapa kwetu Morogoro, wamechunguza panya na viroboto hawa miaka mingi, na shauri lao mwaweza kulitimiza bila fedha nyingi: nafaka ziwekwe mbali na malalo, panya waliokufa ovyo wasishikwe kwa mikono, na watu walale juu ya vitanda.

Kunguni nao wamo, katika mishono ya mikeka na kamba za vitanda. Juu yao nataka kusema kweli, kwa kuwa kuna maneno mengi ya kutisha. Wako waliosema kwamba kunguni huambukiza Ukimwi. Sivyo, jambo hilo limechunguzwa, na halikuonekana. Kunguni huiba damu na usingizi, wala si zaidi. Ila mwalimu yeyote ajua mtoto asiyelala usiku anavyokuwa asubuhi mbele ya hesabu. Vivyo hivyo baadhi yetu tulifundishwa zamani kwamba kifua kikuu chakaa katika vumbi la mkeka uliotemewa makohozi. Sasa yajulikana kwamba kifua kikuu huenezwa zaidi kwa hewa, mgonjwa akikohoa ndani ya nyumba isiyo na madirisha. Ni heri kufungua dirisha kuliko kuutazama mkeka kwa hofu. Lakini kutema mate ndani bado ni ukosefu wa adabu, wala sikuruhusu wazee wenye ugoro!

Haya, na zulia je? Naona wengi wenu wa mjini mmetulia, mkisema, "Hayo ni ya sakafu za udongo." Ngojeni kwanza.

Zulia la manyoya ni kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako watu wana mashine za kufyonza vumbi. Sisi tumelichukua zulia, tukaiacha mashine. Mara nyingi tumelinunua limekwisha kutumiwa na watu wengine, wala hatujui lilikotoka. Twalitandika juu ya saruji, na wakati wa masika saruji hutoa unyevu, zulia likanyonya, likatoa harufu ya uvundo. Pande za mashariki za Uluguru, kama Kinole na Tegetero, mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Humo zulia halikauki sawasawa miezi mingi. Juu yake mtoto hukojoa, chai humwagika, makombo ya mkate huanguka. Tunafagia juu juu kwa ufagio wa chelewa, vumbi likaruka, likatua palepale.

Katika unyevu huo huishi utitiri wa vumbi. Si ule utitiri wa kuku mnaoujua, ambao huwasha mikono mkiokota mayai. Huu haumwumi mtu kabisa, wala hauonekani kwa macho; urefu wake ni kama theluthi moja ya milimita. Chakula chake ni magamba madogo ya ngozi ambayo kila mtu hupukutisha mchana na usiku, na maji yake huyavuta kutoka katika hewa yenye unyevu. Kinachodhuru ni kinyesi chake. Kikikauka huwa unga mwembamba, na mtoto akichezacheza juu ya zulia huuvuta puani. Kwa wengine hauna neno. Kwa wengine huleta chafya, macho kuwasha, na pumu. Madaktari wa Leiden, nchi ya Uholanzi, ndio waliothibitisha mwaka 1964 kwamba utitiri huu ndio uliomo katika vumbi la nyumba liletalo pumu. Kabla ya hapo watu walijua vumbi ladhuru, lakini hawakujua ni kwa sababu gani.

Nalimwona mtoto mmoja pale mjini, mwenye miaka sita, ambaye kila usiku kifua chake kililia kama filimbi. Mama yake alimvika sweta mbili, akafunga madirisha yote, akamlaza juu ya zulia karibu na kochi ili apate joto. Kila alilolifanya kwa upendo liliuzidisha ugonjwa. Daktari alipofika nyumbani hakuanza kwa kifua. Alipiga zulia kwa kiganja cha mkono. Zulia likatolewa, madirisha yakafunguliwa, mtoto akawekwa kitandani, akapewa na dawa yake ya kuvuta kwa pumzi. Sisemi kwamba alipona kabisa, kwa maana pumu haina desturi hiyo, lakini alirudi shule.

Tena msisahau minyoo. Mayai ya minyoo huingia na nyayo za watu, hukaa miezi mingi mahali penye kivuli na unyevu bila kufa, na mtoto atambaaye hupitisha mkono zuliani, kisha kinywani. Desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni ni njema kuliko tujuavyo, nami nasikitika kuona vijana wengine wakiiona kuwa ya kizamani.

Mwaniuliza, "Tufanyeje basi?" Mimi naona maskini wa mlimani mwenye mkeka ana nafasi nzuri kuliko tajiri mwenye zulia, maana mkeka huinuliwa kwa mkono mmoja. Utoke nje kila juma, upigwe upande unakoelekea upepo ili vumbi lisirudi usoni, uanikwe juani pande zote mbili hata adhuhuri ipite. Usingoje siku ya mgeni. Sakafu ya udongo inyunyizwe maji kabla ya kufagiwa, nyufa zizibwe kwa udongo mpya na kukandikwa. Na fedha zikipatikana, mfuko wa kwanza wa saruji uende chumba cha kulala, usiende barazani panapoonekana na watu. Kitanda, hata cha miti na kamba, kiwekwe mbali kidogo na ukuta. Chandarua chenye dawa kichomekwe vizuri chini ya godoro au mkeka. Tumezoea kukifikiria kwa ajili ya mbu, lakini papasi naye hukutana na mlango uliofungwa. Mwenye papasi nyumbani asitegemee ufagio peke yake, bali awaite watu wa afya wapulize dawa katika nyufa, kisha atengeneze sakafu. Dawa bila sakafu ni kazi ya kurudia kila mwaka.

Na mwenye zulia alipime: kama hawezi kulitoa nje peke yake na mkewe, zulia hilo ni kubwa kupita nyumba yake. Zulia dogo la kukunjika lafaa. Shuka na foronya zifuliwe kwa maji ya moto hasa, si ya uvuguvugu, maana utitiri hautikisiki kwa uvuguvugu. Wakati wa masika likunjwe kabisa, liwekwe pakavu, na sakafu ikae wazi. Najua mabibi wengine wataniona mgumu, maana zulia ni heshima ya sebule. Mke wangu mwenyewe tulishindana juu ya jambo hili juma zima. Mwishowe lile letu limekwenda kuwa pazia la banda la kuku, na kuku hawajalalamika.

Waalimu wenzangu, neno moja kwenu. Mikeka ya darasa la watoto wadogo, na ile ya chumba cha mafundisho, ni ya nani? Ya wote, kwa hiyo si ya mtu. Kwetu tulifanya hivi: kila Ijumaa watoto wawili wawili huchukua mkeka mmoja, huuning'iniza juu ya uzio, na kuupiga. Mwanzo walicheza. Siku ya kwanza, katika mikeka saba, tulipata ndoo nzima ya mchanga na maganda ya karanga, na nge mmoja mdogo. Tangu siku ile hawachezi, wanashindana.

Yule mwalimu kijana na mkewe wamerudi kazini Ugogo. Kabla ya kurudi, wajomba wa mke walichanga fedha, wakanunua mifuko sita ya saruji. Mume akachimba udongo wa juu wa chumba cha kulala kiasi cha shubiri, akautupa mbali, akashindilia mawe, akamwaga sakafu kwa mikono yake akisaidiwa na wanafunzi wakubwa. Walipeleka na kitanda. Mwezi uliopita nalipata barua yao. Mke ana mimba tena, ya miezi saba, wala homa haijamshika. Mkeka wa bibi umetandikwa juu ya kitanda, juu ya godoro, na kila Jumamosi unatoka nje.